Mhariri Aliyefunga Mpaka

Jirani yangu wa Ruiru alikuwa mtu mpole kupita kiasi, na kazi iliyomlisha ilikuwa kugombanisha nchi. Nasema hivyo kwa upendo, naye mwenyewe akisikia atacheka. Alifanya kazi katika gazeti moja dogo la Nairobi ambalo siku hizi halipo tena. Habari ziliandikwa na wengine. Yeye alitunga vichwa vyake, yale maneno makubwa ya ukurasa wa kwanza yanayomfanya mtu aliyekuwa na haraka zake asimame barabarani na kutia mkono mfukoni. Mtaani tulimwita Mhariri. Jina lake halisi tulilisikia pale tu mke wake alipokuwa amekasirika.

Mimi ni fundi cherehani. Nilitoka huko magharibi nikiwa na mashine moja na kuku wachache, nikapanga nyumba iliyopakana na yake, ua wa miiba ya kayaba ukitutenganisha. Kilichotukutanisha kwanza ni karatasi. Fundi huhitaji karatasi pana za kuchorea mtindo kabla ya kugusa kitambaa cha mwenyewe, na Mhariri alikuwa na magazeti ya kutupa. Kila wiki aliniletea furushi. Kwa hiyo kina mama wengi wa Ruiru wamevaa magauni yaliyokatwa kwa kufuata vita ambavyo havikutokea. Hadi leo nina mkono wa blauzi, saizi kubwa, ulioandikwa GHADHABU, na kola iliyoandikwa MPAKANI.

Magazeti hayo aliyaleta yakiwa yamekunjwa ndani nje, ukurasa wa kwanza ukiwa umefichwa. Nilidhani ni ustaarabu wa watu wa Nairobi. Baadaye nikaona kwamba hata nyumbani kwake alisoma ukurasa wa kilimo na wa mpira, basi.

Alipenda majirani wa Kenya kuliko alivyopenda wanasiasa wetu. "Fundi, mwanasiasa huuza siku moja," alikuwa akiniambia. "Jirani huuza wiki nzima." Waziri wa Uganda akisema wanaangalia upya suala la maziwa, Mhariri aliandika kwamba Uganda imetunisha misuli. Balozi akiitwa kwao kwa mashauriano, yeye alimtimua. Maofisa wawili wakikaa kimya kwenye mkutano, yeye alisikia cheche.

Siku moja nilimuuliza inavyofanyika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, akinisubiri nimpunguzie suruali. Akachukua habari moja ya kweli, ya afisa wa Tanzania aliyesema kwamba malori machache yamecheleweshwa na mazungumzo yanaendelea.

"Ona sasa," akasema. "Hii 'machache' natoa, haina faida. 'Mazungumzo yanaendelea' natoa, hiyo ni ya kulaza watu usingizi. Nabaki na nini?"

"Malori na Tanzania," nikasema.

"Ehe. Sasa nikiweka 'yakwama' hapo katikati, si umeanza kukasirika?"

Na kweli nilikuwa nimeanza. Sikuwa na lori hata moja, lakini moyo ulinipanda. Alipoona uso wangu akafurahi kama mama anayeona sufuria imerambwa. Ndivyo alivyokuwa kwenye treni ya asubuhi pia. Alitafuta kiti kinachoelekeana na mtu mwenye gazeti lake, akamtazama akisoma, na mtu huyo akisonya na kusema, "Ai, hawa watu wa Tanzania!" yeye alifika kazini na siku yake imeshanyooka.

Alikuwa na misemo yake. "Gazeti halidanganyi, linapaza sauti tu." Huo aliutumia kujitetea. Mwingine aliusema kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya kikombe cha pili cha chai: "Herufi zikiwa kubwa, ujue habari ni ndogo." Nilimwambia angeuchapisha huo. Akasema siku atakayouchapisha ndiyo siku atakayoanza kuuza sukuma wiki.

Ajabu ni kwamba ugomvi wa kweli ulimtia hofu. Mama wa maziwa akianza kubishana na mke wake langoni, Mhariri alikumbuka kuoga. Wapangaji wakigombania mfereji wa maji, alitoka na jagi lake, akawapigia hodi mmoja mmoja, akaongea nao kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, na kabla ya jua kukaza watu walikuwa wameshaanza kupishana kwenye foleni. Na huyo mtu aliyefunga mipaka kila mwezi hakuwahi kuuvuka hata mmoja. Namanga aliijua kwa picha.

Kuku wangu walipenya kwenye kayaba yake mara nyingi. Mara ya kwanza nilijiandaa kwa matusi. Nikamwona amesimama ndani ya sukuma yake, mikono nyuma, akitangaza: "Majeshi ya jirani yavuka mpaka! Sukuma yateketea!" Halafu akageuka. "Fundi, habari ya asubuhi? Sasa nifanye nini, nikuitie balozi?"

"Ita mke wako alete mahindi tuwatoe," nikamwambia.

"Mazungumzo yaanza," akasema, akaenda kuleta mahindi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, na hapo ndipo gazeti lake lilipomrudia. Msichana alipata kazi Arusha, akampata huko kijana wa Moshi, mpole, mhandisi wa maji. Kijana alipokuja kujitambulisha alimsalimia Mhariri shikamoo kwa heshima iliyotulia, na Mhariri akalainika papo hapo. Usiku huo aliniambia kupitia ua, "Fundi, umesikia ile Kiswahili? Mtu anaomba chumvi, unataka kumpa shamba!" Siku ikapangwa. Wazee wa Moshi wangekuja kwa ruracio, yaani kikao cha familia mbili kuzungumzia mahari, kwenye boma la wazazi wa Mhariri kule Gatuanyaga, mbele ya Thika. Mimi nilipewa kazi ya kushona magauni ya sare ya shangazi na wanawake wa ukoo, kitambaa cha zambarau, na nikaalikwa, na langu la sare hiyohiyo.

Wiki ileile, kama kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga, nchi hizi mbili zikakosana kwa sababu ya mahindi na vitunguu. Malori yalipanga foleni mpakani, mawaziri wakajibizana. Alhamisi Mhariri akaenda kazini kama kawaida. Ijumaa asubuhi gazeti lake likatoka na herufi zilizojaza nusu ya ukurasa: JIRANI ATUFUNGIA MLANGO. Chini yake, picha ya chuma cha kizuizi cha barabarani.

Binti yake aliingia dukani kwangu kujaribu nguo, gazeti hilo mkononi, na baba yake amekaa palepale kwenye kiti cha wateja.

"Dad, seriously? Watu wako njiani! Wako kwa barabara saa hii!"

"Hiyo ni kazi, mama. Hao ni mawaziri, si wakwe."

"Si ungesema tu mazungumzo yanaendelea?"

"Hiyo haiuzi hata kwa karanga."

Msichana alinigeukia nimfunge zipu, na kwenye kioo niliona macho yake yamejaa. Akasema polepole, "Wakirudi kwao, mimi narudi nao." Mhariri alishika gazeti lake, akalikunja ndani nje, akatoka. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na wote watatu tulilijua: mtoto wake wa pekee, na kama watu wa Moshi wangemwona baba yake kuwa mtu wa kuoa kwake.

Jumamosi tulikuwa Gatuanyaga mapema. Vumbi la huko ni la kudumu, tulimwaga maji uwanjani na bado likatupata. Njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, ilikuwa jikoni, mbuzi alishachinjwa, wazee wamekaa ndani ya hema na Mhariri katikati yao, suti ya kijivu, kofia ya baba yake kichwani. Baba wa msichana haonekani ovyo siku hiyo. Hukaa ndani mpaka aitwe.

Geti likafungwa kwa mnyororo. Mimi nilishangaa, kwetu mgeni hafungiwi. Shangazi mkubwa, dada yake Mhariri, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa boma la tatu, akanicheka. "Wee, hii ni mchezo. Sisi tunafunga, wao wanaimba. Wakiimba vizuri, tunafungua. Wakiimba vibaya, wanatoa kitu kidogo. Mtoto ya watu haichukuliwi kama mkate ya duka."

Kijana wa Moshi alishaelezwa yote hayo. Tatizo ni kwamba gari lake na la rafiki zake lilipata pancha huko nyuma, na basi dogo la wazee, waliolala Thika, likatangulia. Wazee hawakuelezwa. Kila upande ulidhani upande mwingine umesema.

Basi likasimama. Wakashuka taratibu, wanaume wa makoti, kina mama wa vitenge vilivyopigwa pasi vizuri kuliko nguo zangu zote. Mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo nyembamba, baba wa kijana mwenyewe, akasogea kwenye geti na kusema, "Hodi wenyewe. Tumefika salama, tunaomba kuingia."

Shangazi alikuwa amelisubiri hilo wiki nzima. "Nyinyi ni akina nani? Sisi hatujui nyinyi! Mumetoka wapi?"

"Tumetoka Moshi, mama."

"Moshi? Kwani hamjasoma gazeti? Mpaka umefungwa!"

Wanawake wa zambarau wakaangua kicheko, mwingine akadai pasipoti, mwingine akauliza kama wamebeba vitunguu. Mimi pia nilicheka, sikatai. Halafu tukanyamaza ili wageni waanze kuimba. Hawakuimba. Tulisikia minong'ono, kisha mlango wa basi, kisha injini.

"Wanaenda kujipanga," Shangazi akasema. Alipochungulia kwenye tundu la geti, barabarani kulikuwa na vumbi peke yake.

Mimi ndiye niliyetumwa hemani, kwa kuwa si wa ukoo na sitatozwa faini kwa habari mbaya. Nilipomnong'oneza Mhariri, aliuliza jambo moja tu: "Waliambiwa nini?" Nikarudia maneno ya Shangazi. Alifumba macho. "Hiyo ni kichwa yangu," akasema. Akasimama, wazee wakimshika koti, wakimwambia, "Kaa chini, baba ya msichana hatoki," naye akatoka. Akapiga simu ya kijana, haikushika. Kulikuwa na boda boda iliyoleta kreti za soda. Akapanda. Sijui nilifikiri nini, nikapanda nyuma yake na gauni langu la zambarau, na yule dereva akaondoka kana kwamba anaendesha ambulensi.

Tuliwapata kabla ya kuingia Thika. Basi lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, wanamsubiri kijana wao, kina mama wamekaa kwenye nyasi wakimenya machungwa. Mzee mrefu ameketi kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, na gazeti mapajani. Sikuhitaji kuliona vizuri kulijua.

Mhariri alishuka. Suti ya kijivu ilikuwa imegeuka nyekundu, na kofia ilishaanguka huko nyuma. Alisimama mbele ya yule mzee akihema.

"Habari za safari, mzee."

"Safari ilikuwa njema, isipokuwa mwisho wake. Samahani, sikufahamu."

"Mimi ndiye baba ya msichana."

Machungwa yakasimama. Mzee akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Basi karibu. Sisi tulifika kwako, tukaambiwa mpaka umefungwa. Tumeona tusilazimishe undugu. Sisi ni watu wazima."

"Ni desturi, mzee mwenzangu. Wakwe hufungiwa geti ili waimbe."

"Waimbe?"

"Waimbe. Ni furaha hiyo."

Mzee alifikiri. "Na kama mngekuwa mmetukasirikia kweli, mngefanya nini?"

"Tungefungua haraka," Mhariri akasema, "tuwape chai, tuwashukuru, tuwaage."

Mama mmoja kwenye nyasi akapaliwa na chungwa kwa kucheka. Lakini mzee hakucheka. Aliinua gazeti, akaligeuza ili sote tulione. "Hayo nimeelewa. Na huyu aliyeandika hivi? Naye anacheza?"

Mhariri angeweza kunyamaza. Hakuna aliyewaambia anafanya kazi gani, maana binti alikuwa amesema tu kwamba baba yuko ofisini Nairobi. Nilimtazama mtu huyu aliyekuwa akikimbilia bafuni ugomvi ukianza langoni, na nikajua hapa hakuna bafu.

"Ni mimi," akasema. "Nimeyatunga Alhamisi, nikijua mnakuja Jumamosi."

Mzee alikunja gazeti polepole. "Sisi tulipita hapo mpakani jana. Askari alitugongea muhuri, akauliza tunaenda wapi, tukamwambia, akatutakia heri. Malori yalikuwepo, ndiyo, na madereva wa pande zote wanapika ugali pamoja. Tangu Moshi mpaka hapa, baba, mlango tuliofungiwa ni wako peke yake."

Mhariri alijifuta uso, akazidi kujipaka vumbi. Mwishowe akasema, "Sina la kujitetea. Mimi nimeishi kwa kupaza sauti. Binti yangu hapazi. Muoneni yeye."

Nilitaka kulia, na nikalia. Mzee akamwangalia, kisha akaniangalia mimi na gauni langu, na nadhani ni hapo alipotambua kwamba watu waliovaa hivi na kupanda pikipiki hivi hawawezi kuwa maadui. Akashuka kwenye basi. "Huo wimbo wenyewe," akasema, "ni mgumu?"

Gatuanyaga bado wanalisimulia jambo hilo, wengine kwa aibu: baba wa msichana, kando ya barabara ya Thika, akiwafundisha wakwe wimbo wa kumshinda dada yake mwenyewe. Watu wa Moshi waliyatamka maneno ya Kikuyu kwa adabu iliyopitiliza. Kijana akafika na rafiki zake katikati ya somo, akamkuta baba mkwe anapiga makofi na baba yake anaimba, akaona heri asiulize kitu.

Tuliporudi, safari hii basi lilisimama mbali, wakaja kwa miguu wakiimba. Shangazi alichungulia kwenye tundu, nikasikia sauti yake: "Uui! Huyo si ndugu yangu? Anaimbia upande gani?" Akafungua, akawakumbatia kina mama mmoja baada ya mwingine, akawaomba radhi mpaka wakamwomba anyamaze. Wote wakaingia. Alipofika Mhariri, geti likagongwa puani mwake.

"Wewe mpaka umefungwa!" Shangazi akapiga kelele. "Imba peke yako!"

Akaimba peke yake, nje, na vumbi lake. Alitozwa mbuzi na wazee kwa kuvunja utaratibu, akamtoa bila kunung'unika. Binti alipotolewa chumbani na kusimuliwa yote, alimfuta baba yake uso kwa leso yake nyeupe mbele ya kila mtu, na leso ile, hata ilipofuliwa, haikuwa nyeupe tena.

Ningependa kusema aliacha kazi ya kugombanisha watu. Hakuacha. Jumatatu alikuwa kwenye treni. Aliniambia tu kwamba ameanza kupunguza herufi kidogo, na mhariri wake mkuu ameanza kumuuliza kama anaumwa. Kisha gazeti lenyewe likafa kifo chake, watu wakahamia kwenye simu, na Mhariri akaanza kuuza sukuma wiki kama alivyojitabiria. Karatasi za kukatia nguo siku hizi nanunua.

Juzi alipita dukani. Amezeeka, lakini suruali bado anaileta nimpunguzie. Alikuwa na gunia dogo la njahi, anaenda kupanda basi la Moshi kuwaona wajukuu. Kwenye kibanda cha magazeti mkabala nami, nchi zetu mbili zilikuwa zimekosana tena, sijui ni vifaranga safari hii, na gazeti moja lilipiga kelele kwa herufi nyekundu. Mhariri alivuka akalinunua, akalisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Huyu kijana aliyetunga amejitahidi," akasema, akalitia kwenye gunia, juu ya njahi. Baba mkwe wa binti yake hupenda kusomewa hayo kwa sauti.

Nikamuuliza kama haogopi kusafiri mambo yakiwa hivi. Kabla hajajibu simu yake ikalia. Siku hizi masikio yamepungua, kwa hiyo huongea kwa spika, na mtaa mzima hualikwa.

"Muthoni!" ilikuwa sauti ya yule mzee mrefu, akilitamka neno la Kikuyu la mkwe kama aliyezaliwa Gatuanyaga. "Nimesikia kwenye redio. Mpaka umefungwa."

"Umefungwa kabisa, muthoni. Hata mimi nimesoma."

"Hali ni mbaya?"

"Mbaya sana. Herufi ni nyekundu."

"Basi unafika saa ngapi? Kina mama wanataka kujua wafunge geti saa ngapi."

"Saa kumi na mbili jioni," Mhariri akasema. Akakata simu, akabeba gunia lake, na nikamsikia akiondoka anajaribu ule wimbo, chinichini, asije akakosea.